Amepona, bado tunamwita teja

Mwaka 2017 shirika la habari la Marekani, Associated Press, lilibadili mwongozo wake wa lugha ya Kiingereza: mtu asiitwe kwa jina la uraibu wake, aandikwe kuwa ni mtu mwenye uraibu. Ni jambo dogo? Kijana anakwenda Muhimbili kila siku kunywa methadoni, huduma iliyoanza pale 2011. Ameacha heroini, amerudi kazini. Jumuiyani bado ni "teja". Hata mimi nimewahi kulitamka neno hilo nikihubiri. Katika Yohana 9, kipofu amekwisha kupona, na majirani wanaulizana kama siye yule ombaomba. Wiki hii, kwenye jumuiya ndogo ndogo, mwulizeni jina lake la ubatizo.