Kabla hujatuma ‘ada’ ya sarafu ya nyanya

Ukimtembelea nyanya kule Nunguni, kwenye baridi ya milima ya Kilungu, huenda akakutolea mkebe wa ndururu zenye tundu na shilingi za enzi ya Mzee Jomo Kenyatta. Kijana akiuona mkebe huo siku hizi, moyo unamwenda mbio. Ameshasoma mtandaoni kwamba sarafu yenye kasoro ya kiwandani inauzwa mamilioni. Anapiga picha, anaituma. Jibu linakuja chap chap: mnunuzi yupo, ila tuma kwanza pesa kidogo ya usajili. Akishatuma, simu ya ‘mnunuzi’ haishikiki tena.

Matapeli hawa wanaishi kwa kutojua kwetu. Mengi wanayoyaita makosa si makosa hata kidogo.

Chukua senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 iliyoandikwa jina la Edward VIII. Mfalme huyo aliachia kiti Desemba mwaka huohuo, na kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku kwetu zilitumika kununulia chumvi. Hazina sura yake kwa sababu katikati pana tundu. Ni historia tamu, lakini zilitengenezwa nyingi na bei yake si ya kukujengea nyumba.

Au senti 5 na 10 za 1964, zisizo na jina la mfalme wala malkia. Hakuna aliyesahau kuliandika; uhuru ulikuwa umefika. Hata shilingi za Kenya za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kuzunguka sura ya Mzee. Yaliongezwa 1969.

Kasoro ya kweli hutokea mtambo unapogonga chuma. Tundu linakatwa pembeni badala ya katikati. Picha inakaa upande mmoja na kuacha nafasi tupu upande wa pili. Herufi zinagongwa mara mbili, na zote zimeinuka. Muhuri ukiwa na ufa, sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mstari uliochimbika ndani ni mkwaruzo tu. Na tundu lenye kingo za kukwaruza, kwenye sarafu ambayo wenzake hawana tundu, ni kazi ya msumari: mtu alitaka kidani.

Kwa hivyo tafuta sarafu nyingine ya aina na mwaka uleule, uziweke pamoja, uzikague kwa lenzi. Pima uzito kwa mizani ndogo ya sonara. Usiisugue kwa mchanga wala Vim, maana sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani mbele ya wakusanyaji. Kisha angalia bei ambazo sarafu kama hiyo imeuzwa kweli kwenye minada, si bei ambazo wauzaji wanajitakia.

Msimamo wetu ni mmoja: mnunuzi hutoa pesa, haombi. Akitaja ada ya usajili, ya cheti au ya usafiri, kata simu, bila kumwonea haya.

Na kabla ya kuuza chochote, muulize nyanya alikuwa ananunua nini kwa ndururu hiyo. Jibu lake halitakugharimu hata senti, na hakuna tapeli anayeweza kukupora.