Nyari si Jiko la Jahanamu: tuifunze ardhi yetu kwa lugha yetu

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na kundi la wanafunzi wa chuo kikuu hadi Marafa, kaskazini mwa mji wa Malindi. Tulisimama ukingoni mwa korongo kubwa, tukazitazama nguzo za mchanga uliogandamana, nyekundu, nyeupe na za rangi ya waridi, zikiwa zimejipanga kama watu waliokuja barazani. Mzee mmoja mwenyeji akamgeukia kijana aliyekuwa amefaulu vyema sana katika jiografia, akamwuliza: "Mwanangu, hebu nieleze wewe uliyesoma, nguzo hizi zilisimamishwa na nani?"

Kijana akaanza kukariri kwa Kiingereza ufafanuzi aliofundishwa katika shule ya upili. Mzee akamwomba aseme kwa Kiswahili. Kijana akanyamaza. Nami mwalimu wake nikainamisha uso, maana kimya kile hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa chetu sote tuliomfundisha.

Jibu, hata hivyo, si gumu. Hakuna aliyezisimamisha nguzo zile. Hazikuota wala hazikujengwa, ni mabaki. Hapo kale ardhi ile ilikuwa tambarare moja. Mvua ikanyesha, maji yakatafuta njia, yakachora vijito, vijito vikawa mifereji, na mifereji ikawa korongo. Palipokuwa na tabaka gumu juu, tabaka hilo likawa kama kofia, likaukinga udongo uliokuwa chini yake. Pasipokuwa na kofia, udongo ukachukuliwa. Kila nguzo ni ushahidi wa yale yaliyoondoka pembeni mwake. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na sidhani kuna somo la jiografia lililowahi kufupishwa vizuri kuliko hivyo.

Wagiriama huliita korongo hilo Nyari, yaani mahali palipovunjika penyewe. Wageni wakaja wakaliita Hell's Kitchen, Jiko la Jahanamu, na jina hilo ndilo lililoenea. Linganisha majina hayo mawili, ndugu msomaji. La pili linatueleza juu ya hofu na joto lililomfika mgeni. La kwanza linatueleza kilichotokea. Ni jina la watu waliotazama, wakafikiri, kisha wakanena.

Kiswahili nacho kina hazina hiyo hiyo. Mwalimu wa sarufi ataniunga mkono kwamba vitenzi vyetu vya kutendeka vina uwezo wa kusimulia tukio lisilo na mtendaji. Ukuta hubomoka, kipande cha mkate humeguka, kilima huporomoka, ufizi na udongo humomonyoka, chuma hulika kwa kutu. Kila kitenzi kina mwendo wake na kasi yake. Mwanafunzi anayejua tofauti ya kumomonyoka na kuporomoka tayari amekwisha kuingia katika mlango wa elimu ya ardhi, hata kabla hajafungua kitabu.

Wala nguzo zetu zote si za aina moja. Huko Seme, karibu na Kisumu, kuna Kit Mikayi, ambalo kwa Kidholuo ni jiwe la mke wa kwanza. Lile ni jiwe gumu la matale, lililopasuka kwa nyufa; maji yakapenya nyufani, jiwe likaoza taratibu, kisha udongo ukaondolewa, yakabaki mawe makubwa yamebebana. Karibu na Naivasha kuna mnara unaoitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapo mwaka 1883. Huo ni mabaki ya mawe yaliyoyeyuka, yakaganda kooni mwa volkano, kisha miamba laini iliyoyazunguka ikaliwa. Wamaasai husimulia kwamba ni bibi arusi aliyegeuka nyuma kutazama kwao, akageuka jiwe. Mbuga yenyewe nayo inaitwa Hell's Gate, Lango la Jahanamu. Ajabu ni kwamba nchi moja imepewa lango na jiko, vyote vya Jahanamu!

Wapo watakaosema hadithi za wazee si sayansi. Ni kweli. Watu wa Marafa husimulia juu ya matajiri waliooga maziwa, Mungu akaudidimiza mji wao, na weupe na wekundu wa korongo ukawa maziwa na damu. Mvua haikufanya kazi hiyo kwa usiku mmoja. Lakini hadithi na sayansi zinakubaliana juu ya jambo moja: hapo palikuwa na ardhi nzima, nayo imepotea. Mwalimu mwerevu ataanzia hapo.

Wengine watasema mtihani wa jiografia huandikwa kwa Kiingereza. Nami sidai ubadilishwe kesho. Ninachodai ni kidogo: kila mwalimu anapomaliza somo la mmomonyoko, ampe mwanafunzi dakika tano aeleze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwao, jinsi nguzo inavyozaliwa. Akishindwa, basi hakuelewa, alikariri tu. Nazo bodi zetu za vijia vya watalii ziandike Nyari kwanza, jina la kigeni lifuate. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inalitaka taifa likuze lugha za wenyeji. Kibao cha njiani ni mwanzo mzuri.

Haya si mapambo ya lugha. Maji yaliyochonga nguzo za Marafa ndiyo yanayochukua rutuba ya mashamba yetu kila masika, na atakayeziba mfereji shambani si mtalii bali ni mkulima. Mkulima huyo hatafuti ufafanuzi wa Kiingereza. Anamhitaji mwanawe arudi kutoka shuleni aseme: "Baba, hapa panamomonyoka, tupande nyasi kabla ya mvua." Usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiyeweza kuutaja ufa atauzibaje?