Stafeli, topetope au tomoko? Onjeni pamoja, lakini mbegu kwanza

Jumamosi asubuhi, mama mmoja jijini Nairobi amerejea kutoka sokoni na matunda matatu ya kijani. Mwanawe wa Gredi ya Tatu anayatazama mezani na kuamua papo hapo: "Yote ni mastafeli."

Nyanya yake, aliyekuja kuwatembelea, anacheka. "Moja tu ndilo stafeli, mjukuu wangu. Hayo mengine ni ndugu zake."

Si mtoto peke yake anayechanganya. Pwani watu husema topetope, bara husema matomoko, na mara nyingi jina moja hubeba matunda mawili au matatu. Mzazi anayetaka kumfundisha mtoto kuyatambua asitegemee jina la muuzaji. Aanze na ngozi.

Tazameni kabla ya kukata

Stafeli ndilo rahisi zaidi. Ni kubwa, refu kiasi, na ngozi yake ina miiba laini iliyopinda ambayo haichomi.

Topetope hutoshea kiganjani. Ngozi yake ni vinundu vinundu, na likiiva vizuri vinundu hivyo huachana ukilibonyeza. Mti wake hupenda joto la nyanda za chini.

La tatu ni cherimoya, ambalo sokoni huenda likauzwa kama tomoko tu. Umbo lake hukaribia moyo na ngozi yake imeshikana, haiachani. Mara nyingi huwa na alama za kubonyea, kana kwamba mfinyanzi amelikandamiza kwa vidole. Hili ni tunda la milimani. Limelimwa tangu kale katika mabonde ya Andes, huko Peru na Ecuador, na jina lake la Kiquechua hufasiriwa kuwa "mbegu za baridi".

Hata cherimoya zenyewe hazifanani. Zipo zenye alama za vidole, zenye ngozi nyororo kabisa, na zenye vichuchu. Katika pwani ya Granada na Málaga, Hispania, aina inayojulikana zaidi ni Fino de Jete. Peru inajivunia Cumbe. Mwaka 1908 huko Florida, Marekani, cherimoya ilichavushwa na topetope, na tunda chotara lililopatikana likaitwa atemoya.

Kwa hivyo mzazi asishangae akikuta tunda ambalo halifanani sawasawa na lolote kati ya haya. Mti ulioota kwa mbegu si lazima uzae tunda kama la mama yake.

Sasa onjeni

Nyanya anayabonyeza matunda kwa kidole gumba. Lililoiva hubonyea kidogo, kama parachichi. Lililo gumu huachwa mezani siku kadhaa. Likiwekwa kwenye friji kabla ya kuiva, huharibika bila kuwa tamu.

Yanaoshwa, yanakatwa, na nyanya anatoa mbegu kwenye kila kipande. Mtoto anafumba macho. Anaanza na topetope, kisha cherimoya, na stafeli linakuja mwisho kwa sababu uchachu wake hukaa ulimini. Kati ya tunda na tunda anakunywa maji kidogo.

Badala ya kumuuliza "ni tamu?", mama anauliza maswali yanayomfanya afikiri. Ni laini au lina chengachenga? Lina nyuzi? Uchachu upo?

"Hili ni kama sukari, lina chengachenga," anasema mtoto kuhusu topetope. Cherimoya anaifananisha na kastadi: laini, tamu, na uchachu kidogo kwa mbali. Stafeli linamfanya akunje uso. "Kama pamba iliyolowa ndimu!" Wote wanacheka, lakini majibu yake ni sahihi kabisa.

Wanarudia kwa kubadilisha mpangilio. Anapata mawili, ya tatu anachanganya. Hakuna anayemkemea.

Kosa linalofanyika jikoni

Mama anakusanya vipande vya stafeli vilivyobaki, mbegu zikiwa bado ndani, na kuvitia kwenye blenda atengeneze sharubati. Kabla hajabonyeza kitufe, nyanya anamshika mkono.

"Hapana, mwanangu. Mbegu kwanza."

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Mbegu za matunda haya yote zina sumu. Zikimezwa nzima, mara nyingi hupita tumboni bila kuvunjika kwa kuwa ganda lake ni gumu. Blenda ndiyo hulivunja ganda hilo na kuchanganya sumu na kinywaji cha mtoto. Katika sehemu za Amerika, unga wa mbegu hizi umetumiwa tangu zamani kuua chawa, na ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya.

Njia salama ni rahisi. Osha mikono, toa mbegu kwa vidole, kisha sukuma nyama ya tunda kwenye chujio kwa kijiko. Hesabu ya macho tu haitoshi kwa stafeli, kwa sababu mbegu hujificha ndani ya nyuzi. Mtoto mdogo asiachiwe kipande chenye mbegu, maana inaweza kumpalia. Mbegu zisisagwe wala zisitwangwe nyumbani. Ikitokea unga wake umeingia jichoni, lioshe kwa maji mengi safi yanayotiririka na umpeleke mtoto hospitalini.

Maganda ya mbegu hayapaswi kumtia mzazi hofu ya tunda lenyewe. Nyama yake ni chakula kizuri, na mtoto aliyezoea kuonja kwa makini hujifunza pia kula kwa makini.

Jioni, sharubati imepoa. Mtoto anashika bilauri yake, lakini hanywi. Anamtazama mama yake.

"Mama, umetoa mbegu zote?"

"Zote. Nyanya amehakikisha."

Ndipo anapokunywa.