Profesa Sarungi, Arusha na Mikono Yetu

Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki dunia tarehe 5 Machi, 2025, wengi humkumbuka kwa vyeo. Alikuwa Mbunge wa Rorya, Waziri wa Afya, na baadaye Waziri wa Ulinzi. Sisi twapenda kumkumbuka kwa kazi iliyotangulia vyeo hivyo: alisomea udaktari Hungaria, akawa bingwa wa upasuaji wa mifupa, akafundisha Muhimbili wakati mabingwa wa Kitanzania wa fani hiyo walikuwa wachache mno. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni miongoni mwa matunda ya jitihada zake na za wenzake. Hatumlaumu kwa kuingia siasani. Lakini waziri akiondoka hupatikana mwingine siku hiyo hiyo, na mwalimu wa upasuaji hapatikani hivyo.

Kazi ya kufundisha mabingwa leo ina makao yake makuu chini ya Mlima Meru. Arusha ndiko kiliko Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1999. Hakina madarasa, daktari husomea ubingwa hospitalini, chini ya bingwa anayemsimamia, na mifupa ni mojawapo ya fani zake.

Katika mji huo huo ipo Plaster House, nyumba iliyofunguliwa mwaka 2008, ambamo watoto waliofanyiwa upasuaji hukaa mpaka wapone. Wamo waliopinda miguu kwa maji yenye floridi nyingi, na wamo walioungua moto, makovu yakawakunja vidole hadi kiganjani.

Nyumba hiyo ndiyo tunayotaka wakubwa wetu waitazame. Kano ya kidole ikisha kuungwa, daktari amefanya nusu ya kazi. Kidole kisipochezeshwa kwa utaratibu tangu siku za mwanzo, kano hugandana na nyama iliyo kando yake, na kidole hukakamaa. Kikichezeshwa kwa pupa, kano hukatika tena. Huhitajika yapata wiki 12, na mtaalamu wa tiba ya viungo wa kuongoza mazoezi. Mgonjwa anayerudishwa Micheweni au Makunduchi na bendeji yake, akaambiwa aje baada ya mwezi, amepasuliwa bure.

Nasi watu wa visiwani twaishi kwa mikono. Mchumaji akianguka kutoka mkarafuuni hutanguliza kiganja, na kifundo cha mkono huvunjika. Mvuvi hukatwa na mshipi. Kifundo kikiunga upande ndani ya mabanzi, mtu huyo huenda asipande tena mkarafuu maisha yake, na hakuna hesabu ya karafuu inayomtaja.

Kwa hiyo twaiomba Wizara ya Afya ya Zanzibar ipeleke kila mwaka madaktari vijana kusomea ubingwa wa mifupa, na upasuaji wa mkono usisahauliwe, na pamoja nao wataalamu wa tiba ya viungo. Wakirudi, waachwe wodini na wapewe wanafunzi, wasikabidhiwe mafaili. Tena pawe na nyumba ya kukaa wanaopona, moja Unguja na moja Pemba. Tutaisoma bajeti ijayo ya Wizara tuone fungu hilo limeandikwa ukurasa gani.