Kicheko Bila Kiingilio

Wenzangu wa Chake, mna maneno! Mkitazama Who Killed Captain Alex? ya Mganda Nabwana I.G.G., mkaona bunduki za vyuma chakavu na helikopta ya kompyuta, mnasema: "Ati hii nayo filamu?"

Filamu, tena sana! Ilitengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, kwa pesa zinazotajwa kuwa hazikufika dola 200. Sauti ya VJ Emmie inafanya mzaha makusudi, kama wasimulizi wa vibanda vya video. Mtazamaji wa kule anacheka pamoja na filamu; nyinyi mnaicheka.

Mwaka 2015 Nabwana aliomba kupitia Kickstarter dola 160 za filamu nyingine. Wapenzi wake, wengi wa ng'ambo, wakachanga zaidi ya 13,000. Nao walicheka, lakini walitia mkono mfukoni. Sisi je? Tunanakili bure, kisha tunalalamika Pemba haina filamu!

Kicheko hiki ndicho kinachofungia miswada yetu kabatini. Kila kijana anangoja kwanza awe na pesa za Hollywood. Wapi! Atazeeka. Cheka, bwana, lakini lipa kiingilio. Hutaki? Tengeneza yako, tuione.