Shahada ya Muziki: Mshahara Upo, Lakini Kazi Je?

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja wa mtaa wetu alinishika mkono barazani akaniambia, "Mwalimu, nina mashaka." Mjukuu wake wa kike amepita mtihani wa KCSE, na ameitwa chuo kikuu kusomea ualimu, masomo yake mawili yakiwa ni Muziki na Kiswahili. "Ati miaka minne mtoto akasomeshwe zumari! Kisha alipwe nini? Na riziki hiyo itakuwa ya namna gani?"

Hayo ni maswali mawili, na sisi watu wa pwani tumezoea kuyachanganya. La mwisho si langu. Masheikh wamekhitalifiana tangu zamani juu ya ala na nyimbo, na anayetaka jawabu na amwendee sheikh anayemwamini, si mwandishi wa gazeti. Hili la kazi na mshahara ndilo ninaloweza kulisemea, kwa kuwa nimesomesha miaka mingi na nimewaona vijana waliopita njia hiyo.

Yako madai kwamba mwalimu wa Muziki hulipwa kidogo kuliko mwenzake wa Kemia au Hesabu. Sivyo hata kidogo. Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, hailipi kwa somo, hulipa kwa ngazi. Mwenye shahada anayeajiriwa shule ya sekondari huanzia ngazi ya C2, na mwaka 2021 mshahara wa kuanzia katika ngazi hiyo ulikuwa Sh34,955 kwa mwezi kabla ya marupurupu. Tangu hapo umeongezwa. Wa Kemia hupata huo, na wa Muziki hupata huo huo.

Shida iko katika kuajiriwa. Chini ya mfumo wa 8-4-4 Muziki ni somo la hiari, na shule zinazolifikisha hadi mtihani wa KCSE ni chache mno. Mtihani wenyewe una sehemu ya kupiga ala au kuimba, sehemu ya kusikiliza, na sehemu ya nadharia. Mwalimu mkuu asiye na ala wala chumba cha kufanyia mazoezi ataanzia wapi? Na shule iliyo nalo huhitaji mwalimu mmoja tu, naye akishaketi hapo huenda asiondoke mpaka astaafu. Kwa hiyo, wale ninaowajua mimi waliopata kazi upesi waliipata kwa ajili ya lile somo lao la pili. Huajiriwa kusomesha Kiswahili, kisha jioni wakapewa kwaya ya shule waitayarishe kwa mashindano, bila ya nyongeza yoyote.

Mwengine atasema mambo yamebadilika kwa mtaala mpya. Ni kweli kiasi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10, na moja katika njia tatu walizowekewa ni ya sanaa na michezo, ambamo muziki umo. Lakini njia ikiwa kwenye karatasi haimaanishi kwamba shule iliyo karibu nawe inayo. Katika sekondari ya chini nako, muziki umeunganishwa na uchoraji na michezo kuwa somo moja, hivyo mwalimu mmoja huyabeba yote, awe ameyasomea au hakuyasomea. Walioajiriwa huko mwaka 2023 kama walimu wa mafunzo walipewa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Kwa kijana aliyepanga chumba Mombasa, na mama anamtazama, hizo si pesa za kujengea maisha.

Wapo pia wanaosomesha kinanda majumbani kwa malipo ya saa, au katika shule za kibinafsi. Hulipwa vizuri mwezi huu, na likizo ikifika hawana kitu.

Hata hivyo sikumwambia mzee amkataze mtoto. Niliwahi kukaa kwenye mashindano ya shule nikasikiliza watoto wakiimba wimbo wa kwetu waliofunzwa na mwalimu mwema, mgeni, ambaye hakujua vina vinaangukia wapi wala tari hugongwa vipi. Waamuzi wakamsifu. Mimi niliona haya, na haya yenyewe si kwa ajili yake, kwani sisi ndio tuliozuia watoto wetu wasiisomee kazi hiyo. Unguja wako chuo cha muziki katika Mji Mkongwe, ambacho tangu mwaka 2002 kinasomesha udi, kanuni na fidla. Nacho mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango kwa uhaba wa fedha. Huku kwetu mwenye kujua udi akifa, huzikwa na ujuzi wake.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, hilo somo jengine la mjukuu wake ni lipi, kwani alikuwa amelisahau.

"Kiswahili," nikamjibu. "Na mwambie alisome kama kwamba ndilo litakalomlisha."

Akatoa mfukoni ile barua ya chuo, imekunjwa mara nne, akaniomba nimsomee tena karo ni kiasi gani.