Baraza la Nyumbani: Sakafu ya Boti Ipakwe Nini?



Barua tuliyoichagua mwezi huu yatoka kwa kijana wa mwambao aishiye na wazazi wake kando ya hori. Yeye na nduguze wawili wamenunua boti kuukuu ya faiba kwa fedha walizokopa kwa jamaa, nao wakusudia kuvulia alfajiri na kuvushia abiria mchana. Sakafu ya boti hiyo ilikuwa imeoza. Fundi ameing'oa, ametia mbao mpya za plaiwudi, na juu yake ametandika faiba mpya. Sasa imebaki kupakwa. Kijana ataka rangi ing'aayo kama ile aliyoiona katika boti za watalii. Baba yake, ambaye umri wake wote ameutumia katika majahazi, asema kwamba rangi ya mafuta ya dukani yatosha, mradi itiwe mchanga. Maneno yamekuwa mengi nyumbani, na kijana atuuliza ni nani mwenye haki.

Jawabu letu ni kwamba kila mmoja ana nusu ya haki. Mzee ana haki katika mchanga, na kijana ana haki katika kutoridhika na rangi ya mafuta. Wakizikutanisha nusu hizo mbili, watapata sakafu njema. Nasi twaomba subira ya wasomaji tueleze sababu, kwani jambo hili lawagusa wengi: mama aliyempakata mtoto, mwanafunzi mwenye mkoba wake na mzee mwenye mkongojo wote watakanyaga sakafu hiyo ikiwa imerowa maji ya chumvi.

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa katika utomvu uitwao resini, ukaganda pamoja nazo. Huko Marekani, Ray Greene wa mji wa Toledo, Ohio, alitengeneza boti ya namna hii mwaka 1942, na baada ya vita vya dunia kwisha mwaka 1945 ufundi huo ulienea pote. Mbao za jahazi hunywa mafuta. Ndiyo maana wazee wetu walizipaka sifa kwa ndani, na shahamu kwa chini. Faiba haina kiu hiyo. Ukiipaka sifa, hakuna kitakachoingia ndani, bali utapata utelezi juu, na rangi yoyote itakayofuata itakataa kushika. Basi ujuzi wa mzee ni wa kweli kwa chombo cha mbao, lakini faiba ina sheria zake nyingine.

Kabla ya kununua kopo lolote, kijana na amwulize fundi swali moja: faiba ile mpya ameigandisha kwa resini gani? Resini zitumiwazo sana ni mbili, poliesta na epoksi. Poliesta ina harufu kali ijazayo karakana nzima, na dawa yake ya kugandishia hutiwa kidogo sana, kiasi cha sehemu moja au mbili katika 100. Epoksi haina harufu kali kama hiyo, na dawa yake hupimwa kwa mafungu makubwa, mathalani moja kwa moja, au moja kwa mbili, au moja kwa tano, kama alivyoagiza mtengenezaji. Jibu la swali hili ndilo litakaloamua ni mipako ipi ifaayo na ipi isiyofaa.

Sasa tuitazame mipako yenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni jelikoti. Hii ndiyo ngozi ya asili ya boti nyingi za faiba. Ni resini ya poliesta iliyotiwa rangi, na unene wake huwa kama nusu milimita. Ni ngumu, huvumilia jua, na hushikana vema na poliesta iliyosuguliwa. Lakini ina masharti matatu. Haishikani vizuri na epoksi. Ikikutana na hewa hubaki inanata kwa juu, isipokuwa imetiwa nta yake maalumu katika tabaka la mwisho. Na kwa ugumu wake haipendi kupindwa: sakafu inayonepa chini ya miguu ya watu huipasua nyufa nyembamba kama nywele. Ikiwa sakafu ni imara, resini ni poliesta tupu na fundi ni mzoefu, jelikoti ni chaguo jema.

Wa pili ni rangi ya epoksi. Kwa kushika haina mfano, na maji hayaipenyi kwa urahisi. Aibu yake ni jua. Epoksi iliyoachwa wazi hupauka, ikawa unga mweupe kama chaki, na jua letu la karibu na ikweta halina huruma. Kwa hiyo epoksi yafaa kuwa msingi, ikisha ifunikwe na kitu kingine.

Wa tatu ni rangi ya poliyurethani ya makopo mawili, yaani rangi na dawa yake ya kugandisha. Hii ni ngumu, huvumilia jua na mikwaruzo, na petroli ikiimwagikia haiilainishi upesi. Ndiyo ing'aayo katika boti za watalii. Lakini kung'aa huko ndiko kutelezako. Pasipo mchanga, sakafu ya rangi hii ikirowa huwa kama sahani iliyopakwa sabuni. Tena aghalabu rangi za namna hii hazikutengenezwa kwa kukaa majini siku zote. Mahali maji yanapotuama chini ya sakafu pafaa epoksi, napo jua halifiki.

Wa nne ni rangi ya mafuta ya kopo moja, aliyoitaja mzee. Bei yake ni nafuu, hupakwa na mtu yeyote, na ikichubuka hupakwa tena bila ya matata. Walakini ni laini. Nanga, ndoo na vidumu vya petroli huichuna upesi, na huenda isimalize mwaka mmoja wa kazi. Tena kuna hasara nyingine isiyoonekana. Siku mtakapotaka kuweka rangi ya makopo mawili juu yake, dawa zake kali zitaiamsha ile ya chini, ikunjane kama ngozi iliyoungua, nanyi mtalazimika kuikwangua yote.

Wa tano ni mpako mzito kama mpira, upakwao vitandani mwa magari ya mizigo. Baadhi ya vijana huusifu, na kweli hauchakai upesi. Lakini ni mzito, hukwaruza magoti ya mvuvi, rangi yake nyeusi hushika moto wa jua, na siku faiba ya chini itakapotaka matengenezo, kuubandua ni adhabu.

Kwa boti ya kazi iliyotengenezwa upya, ambayo mikono ya mafundi mbalimbali huenda imekwisha kuipitia, shauri letu ni hili: matabaka mawili ya epoksi kuwa msingi, kisha poliyurethani ya makopo mawili pamoja na mchanga. Epoksi hushika juu ya poliesta na juu ya epoksi mwenzake, maadamu imesuguliwa vema. Kwa hiyo hata fundi asipokumbuka alitia resini gani, kazi haitaharibika. Na ikiwa fedha hazitoshi, wajenge msingi ule ule wa epoksi, kisha wapake juu yake rangi ya sitaha ya kopo moja iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini, wakijua kwamba wataipaka tena kila mwaka. Heri kupunguza gharama katika tabaka la juu kuliko kuipunguza katika msingi.

Kuhusu mchanga, na asikilizwe mzee. Lakini mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya kombe, nao haufai. Utafutwe mchanga mweupe wa kokwa ngumu, ulio safi, mkavu na uliochekechwa ukawa wa kokwa sawasawa. Tabaka la kwanza la rangi ya juu likiwa bado bichi, unyunyizwe kwa wingi mpaka rangi isionekane. Rangi ikiisha kushika, fagieni uliozidi, kisha pakeni tabaka moja au mawili ya kuufunga. Mchanga ukichanganywa ndani ya kopo huzama chini, ukatoka mwingi hapa na mchache pale. Mahali panapolazwa samaki paachwe laini, ili magamba na damu yaoshwe kwa urahisi. Na rangi iwe ya kijivu hafifu au ya maziwa: nyeupe kabisa huumiza macho, na nyeusi huunguza nyayo.

Hata hivyo, mpako ulio bora juu ya sakafu iliyoandaliwa vibaya ni fedha iliyotupwa baharini. Gongeni sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Palipo na sauti ya utupu, faiba haikushikana na ubao. Bandikeni kipande cha nailoni, kizibwe kingo zote kwa utepe, kilale hapo usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, ubao bado una maji, ngojeni ukauke. Osheni kwa sabuni na maji baridi kuondoa chumvi. Futeni mafuta kwa asetoni na kitambaa safi kabla ya kupiga msasa, kwani msasa ukitangulia huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kisha piga msasa wa namba 80, ufuatwe na wa 120, mpaka mng'ao wote uondoke. Ikiwa faiba ni ya epoksi, hapo mwanzo ioshwe kwa maji na kusuguliwa kwa kitambaa kigumu, maana epoksi ikiganda hutoa juu yake utando wa nta uzuiao rangi.

Siku ya kupaka, anzeni asubuhi baada ya umande kukauka, chini ya kivuli. Joto likizidi kwa nyuzi 10 tu, muda wa kuganda hupungua kwa karibu nusu. Changanyeni kidogo kidogo, na vipimo visikisiwe kwa macho. Wako wanaoongeza dawa ili ikauke upesi. Katika epoksi jambo hilo ni kosa kubwa, kwani dawa iliyozidi haina cha kushikana nacho, na rangi hubaki laini milele. Kazi ikiisha, boti ipumzike kwa muda ulioandikwa koponi, ambao mara nyingi ni siku saba kabla ya mizigo mizito. Najua deni lawasukuma vijana waingie majini siku ya tatu. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu, na siku nne za subira ni nafuu kuliko kuirudia kazi yote.

Limebaki neno moja, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia, hasa kwa akina mama. Dawa ya kugandishia poliesta haina rangi; yafanana na maji ya kunywa. Tone lake likiingia jichoni laweza kupofusha, na mtoto akiimeza yaweza kumwua. Haifai kabisa kuiweka katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa saa moja. Ibaki katika chupa yake yenye maandishi, ifungiwe juu, mbali na moto na mbali na jiko. Tena isichanganywe kamwe moja kwa moja na dawa ya kuharakisha resini, kwani zikikutana hulipuka. Jicho likirukiwa, lioshwe kwa maji safi yatiririkayo kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe mara moja pamoja na ile chupa.

Poliyurethani ya makopo mawili nayo ina sumu iitwayo isosianeti, iwezayo kumpa mtu pumu ya kudumu. Ikipulizwa kwa mashine, ukungu wake huingia kifuani, na kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii. Basi kijana wetu apake kwa brashi au rola, mahali penye upepo, akiwa na glavu na miwani, na barakoa yenye vichungio vya mvuke. Na epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta upele usiokwisha. Watoto wasicheze karibu mpaka mipako yote ikauke.

Baada ya hapo, kila juma ioshwe kwa maji baridi, na kila mwezi mmoja wa ndugu apige magoti aitazame kwa makini. Akiona ufa au mahali palipochubuka hadi faiba, apatengeneze siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na maji yakiisha kuupata ubao, sakafu itaoza tena kama ile ya kwanza. Kazi hiyo ya kutazama twapendekeza apewe mzee mwenyewe. Jicho lililozoea kutafuta mvujo katika jahazi litaujua mvujo wa faiba pia.